Marahaba Niliyoikimbia

Kabla ya safari ile niliamini, kwa moyo wote na kwa cheti changu cha masomo ya jioni kilichokuwa njiani, kwamba Dar es Salaam wazee wanaiba akili kwa kuitikia salamu. Unamwamkia mzee usiyemjua, anajibu "marahaba", papo hapo akili inahama. Unamkabidhi simu, mkanda na viatu huku unachekelea. Habari hii niliipata kwa muuza nyanya wa stendi ya Mikumi, ambaye shemeji yake alirudi kutoka huko peku. Ushahidi gani tena nilihitaji?

Darasa letu la watu wazima lilikwenda kujitolea katika nyumba ya kulelea wazee huko huko Dar. Tulipanda treni Kilosa, na mimi, msemaji mkuu wa kila jambo nisilolijua, nikawahutubia wenzangu mpaka nadhani treni yenyewe iliongeza mwendo ili nimalize.

"Jamani, shikamoo mwisho hapa hapa. Kule ni 'habari' tu, tena ukiwa mbali."

"Hata kwa bibi kizee?" akauliza mama niliyekuwa nakaa naye dawati moja.

"Hao ndio wabaya kuliko wote!"

Wakacheka, lakini wakanitii. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: walinitii.

Tulichapa kazi kama matrekta. Nilifua vyandarua vya kutosha kuifunika mbuga nzima ya Mikumi, twiga wakalala bila mbu. Barazani alikaa bibi mmoja, macho yamefifia, amejifunga kanga ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Nilimpita na ndoo mara nne, au mia nne.

"Habari, bibi."

"Nzuri."

Mchana akamwita dada anayewahudumia. "Mwanangu, mbona hao watoto wa Kilosa hawafiki? Nimeoga tangu alfajiri."

"Bibi, si ndio hawa wanaofua?"

"Hawa?" Akageuza sikio upande wetu. "Acha utani. Watoto wa kwetu wanipite siku nzima bila shikamoo? Hawa ni wa hapa hapa mjini."

Yule dada akanivuta pembeni. Bibi alizaliwa Lumuma, huko huko kwetu Kilosa. Ana mdogo wake huko, hawajawasiliana miaka mingi, na tangu aliposikia tunakuja alikuwa akipanga maneno ya kumpelekea. Niliweka ndoo chini, nikaenda kuinama mbele yake.

"Shikamoo, bibi. Mimi ni wa Kilosa, kule Mikumi. Lumuma nitafika mwenyewe, nipe tu hayo maneno."

"Umefundishwa sasa hivi," alisema taratibu. "Nimewasikia mkinong'ona."

"Hapana, bibi, haki ya Mungu..."

"Haya, baba. Kafue."

Marahaba hakuitoa. Alishika ukuta, akaingia ndani na maneno yake, na hadi tunaondoka hakutoka tena.

Nilimrudia yule dada nikamwaga yote: muuza nyanya, shemeji, peku. Nilitegemea acheke, walau anipunguzie. Aliendelea kukamua chandarua.

"Kaka, hakuna mtu anayeibiwa akili kwa marahaba. Shikamoo ya hapa ni ile ile ya kwenu. Ulitakiwa umwamkie bibi, basi."