Nilimsainia somo yangu mahudhurio, leo yanaitwa ridhaa

Admin, jina langu libaki kwako, maana hapa Kariakoo nafahamika, likitoka tu nimekwisha. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mmoja, nauza madera na vitenge. Nimeolewa Ilala, lakini nimezaliwa mtaa unaopakana na uwanja wa ndege, ule ambao ndege ikipita juu mnanyamaza wote, halafu mnaendelea na maneno yenu mlipoishia.

Mtaa huo ndio unaotakiwa kuondoka ili uwanja upanuliwe. Malumbano mnayasikia. Wabunge wengine wanasema uwanja umeelemewa, uongezwe hapohapo. Wengine wanasema jengeni mwingine nje ya mji, hao watu waacheni. Hapa dukani ni hivyohivyo. Jirani yangu wa duka la jumla, anayefuata mzigo China, ananiambia, "Dada, pale tunabanana kama tunagombea pilau! Wapanue tu." Namjibu, "Waambie wakapanulie kwenu Moshi." Anacheka. Mimi sicheki.

Mwenyekiti wa mtaa ule ni kaka yangu, tumbo moja. Baba alipofariki nilikuwa darasa la tatu. Kaka akaacha shule, akaja hapahapa sokoni kubeba magunia ili mimi nisome. Kwa hiyo kaka akiniita, nafunga duka naenda. Siku ya mkutano wa mradi aliniita, akanipa daftari. "Wapitishie watu wasaini mahudhurio. Wewe wanakuamini." Na kweli wananiamini, jamani, wengi wao wamenilea. Ukurasa wa kwanza uliandikwa MAHUDHURIO kwa herufi kubwa, mwandiko wa kaka. Kurasa zilizofuata zilikuwa na mistari mitupu. Sikuuliza. Nikapita kiti kwa kiti nikiwatania, "Saini mama, soda zisije zikaisha!"

Bi Tatu hakuwepo. Huyu ni mjane, jirani yetu ukuta kwa ukuta, na ni somo yangu: ndiye aliyenifunda nilipovunja ungo, ndiye aliyenikalisha siku ya harusi yangu. Siku hiyo presha ilikuwa imempanda. Nilipita kumjulia hali kabla ya mkutano, akaniambia, "Nisainie mwanangu, nisionekane sikuja, wakaniruka kwenye orodha zao." Sasa niambieni, nani hapa mjini hajawahi kumsainia mwenzake mahudhurio? Kikao cha shule, semina, mkutano wa mtaa, tunasainiana kila siku. Nikaandika jina lake ukurasa wa tatu, nikachora na saini.

Wiki mbili zilizopita mheshimiwa mmoja kasema redioni kelele za nini, wakazi wenyewe wameridhia kupisha upanuzi, saini zao zipo. Nilikuwa nakunja dera, likanidondoka. Nikafunga duka, nikaenda mpaka ofisi ya mtaa. Karatasi zimebandikwa ukutani. Juu kabisa imepigwa chapa: "Wakazi walioridhia kupisha." Chini yake majina ya watu niliowatania na soda, na jina la Bi Tatu kwa mwandiko wangu mimi.

Kaka nilimkuta ndani. Nikamuuliza, "Kaka, ile si ilikuwa mahudhurio?"

"Ukurasa wa kwanza, ndiyo. Zile nyingine hazikuwa na kichwa."

"Kichwa kaweka nani?"

"Usinihoji kama polisi. Uwanja utapanuliwa tutake tusitake. Mimi nimetafuta tutoke kwa heshima."

Heshima! Yaani heshima ya kuwauza watu kwa saini za soda! Nilimtolea maneno ambayo sijawahi kumtolea mtu, sembuse yeye. Alikaa tu anajifuta machozi kwa mkono wa shati, mwanaume mzima, nami nikashindwa kuendelea. Nikatoka na uchungu wangu.

Sasa Bi Tatu anaamini kaka ndiye aliyeghushi saini yake. Kazunguka mtaa mzima akisema, "Mimi sijaridhia kitu, na kalamu sijaishika. Nitaapa kwa msahafu!" Wala haimjii akilini kwamba ni ile aliyoniomba, kwa sababu yeye aliniomba mahudhurio, hakuniomba kuhama. Kesho kamati inakuja kusikiliza malalamiko. Kaka ananibembeleza niseme Bi Tatu alinipa ruhusa nimsainie. Na ni kweli alinipa! Ndicho kinachoniua hicho. Nikisema hivyo nikaishia hapo, somo yangu anaonekana muongo mbele ya watu na nyumba yake inakwenda. Nikisema yote, kaka anaweza kufungwa, pengine na mimi nyuma yake. Mama ananipigia analia, "Usimuaibishe kaka yako, huyo ndiye baba yenu." Mume wangu anasema nijifanye naumwa nisiende.

Leo mchana, wateja wamejaa, simu ikaita. Bi Tatu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya furaha kabisa. "Mwanangu, kesho uwahi. Haya macho yangu mtoto wa jicho kayamaliza. Ukae ubavuni kwangu, wakitoa makaratasi yao unisomee, halafu unioneshe kwa kidole hiyo saini wanayosema ni yangu. Mimi wewe ndiye ninayekuamini. Nataka nimjue huyo aliyenichora."

Nikamwambia, "Nitakuja, somo."

Kamati inaanza saa nne asubuhi. Nitukaneni mkitaka, lakini mkimaliza kunitukana mnipe neno jamani. Kidole changu kikishafika kwenye ile saini, na yeye kanishika mkono ananisubiri, mdomo wangu useme nini?