Viatu Wajane

Iliponyamaza cherehani ya saba kutoka mlangoni, wanawake wa karakana ile ya sare za shule hawakuzungumzia kelele zake. Walizungumzia viatu. Kwa miaka tisa kila aliyenunua kiatu alikileta kazini ndani ya mfuko mweusi, akakitua juu ya cherehani ile kabla kazi haijaanza, akasubiri hukumu. Sasa mifuko ilikuja, ikafunguliwa, viatu vikageuzwa huku na huku, na hakuna aliyejua la kusema. Mshona vifungo mmoja alivaa vyekundu vya ncha kali siku mbili. Siku ya tatu soli ikamfumukia ngazini kama mdomo wa samaki.

"Angekuwepo," alisema, kisigino kikiwa mkononi, "nisingefika huku."

Hakumtaja jina. Tangu utotoni watu walimwita Saizi Mbili, na jina lake jingine lilibaki kwenye vyeti.

Saizi Mbili halikuwa tusi, ingawa lilizaliwa likiwa tusi. Homa ilimpitia akiwa na miaka mitatu, ikamwachia uhai na kuondoka na sehemu ya mguu wake wa kushoto. Wa kulia ulikua hadi ukavaa namba thelathini na tisa. Wa kushoto ulifika thelathini na sita ukagoma, na juu ya hayo ukawa mfupi kwa upana wa kidole. Watoto wa shule walimpa jina hilo wamchome roho. Yeye akalichukua, akawa analiandika kwenye madaftari yake, wakaishiwa.

Dada yake hakuishiwa. Alimzidi miaka kumi, alimlea tangu mama yao alipofariki, na ndiye aliyekuwa mkataji mkuu wa karakana: mwanamke wa mkasi mrefu na chaki sikioni, ambaye angeweza kukata vitambaa arobaini vya sketi kwa mpigo na pindo zisipishane. Yeye ndiye aliyemwombea mdogo wake kazi. Na kila mwaka alimletea viatu vyeusi vya kamba kutoka kwa fundi wa hospitali, vizito, butu kama chungu, cha kushoto kikiwa kimeinuliwa soli.

"Vaa hivi, mdogo wangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Langu lilishaharibika kabla sijaanza kusikia, dada. Sasa kusikia kutanisaidia nini?"

"Utaanguka siku moja na visigino vyako hivyo."

"Nikianguka nitaanguka nimependeza."

Viatu vile vyeusi vilikaa chini ya kitanda, katika chumba chao cha pamoja, vikiwa vimepangwa mwaka hadi mwaka. Havikuwa na kasoro, vilimtosha barabara. Ila kila alipovivaa watu walimsalimia kwa sauti ya chini, kama anavyosalimiwa mgonjwa.

Shule yake ilikuwa soko la mitumba, Jumamosi asubuhi, wakati marobota yanapokatwa kamba. Hapo alikuwepo muuzaji mmoja mnene wa sauti, Mama Robota, ambaye hakuwahi kumwonea huruma hata siku moja, na kwa hilo Saizi Mbili alimpenda. Robota la viatu halikosi vichache vilivyofika bila wenzao. Mmoja alipotea huko vilikotoka au njiani, na aliyebaki hauziki. Wauzaji huviita wajane, na jioni huvitia kwenye gunia la kutupwa. Saizi Mbili alianzia kwenye gunia.

Alijua msimu kabla haujafika. Wakati wa joto, viatu vya mikanda myembamba viliporudi, alitafuta mikanda. Mvua zilipokaribia na wanawake wakaanza kutaka buti fupi za kifundoni, alitafuta buti: ya kushoto thelathini na sita kutoka gunia hili, ya kulia thelathini na tisa kutoka robota la wiki nyingine, zenye sura za kukaribiana kama binamu. Kisha kazi yake ikaanza. Aliipaka moja rangi, akahamisha bizimu ya mkanda, akaongeza kipande kisiginoni upande wa kushoto ili mgongo ukae sawa. Alipomaliza, mtu angelazimika kupiga magoti mbele yake ili agundue, na watu hawakuwa wakipiga magoti.

Elimu hiyo ndiyo aliyoigawa pale kwenye cherehani ya saba. Alikunja soli kuona kama inapasuka au inarudi. Aliingiza mkono hadi mwisho wa ncha, kwa kuwa "kiatu hudanganya nje, ndani hakiwezi." Alinusa gundi. Alikiweka kisigino mezani na kukigusa kwa kidole; kikitikisika, mwenye kiatu alirudishwa sokoni.

"Lakini ni cha msimu huu," mmoja angelalamika.

"Msimu una miezi mitatu, mama. Hiki kina wiki tatu. Tafuta umbo la msimu kwenye ngozi ya zamani, utavaa kitu kipya kwa bei ya karanga."

Mwaka wa tisa, mvua zilipoanza, mwenye karakana, waliyemwita Madam, alifungua duka la nguo za kike katika chumba cha mbele kinachotazama barabara. Alichoka na sare, alisema. Alitaka kuuza kitu kinachobadilika. Alihitaji mtu mmoja wa kusimama na wateja, kuwavalisha, kuwaambia ukweli bila kuwaumiza. Karakana nzima iligeuza shingo kuelekea cherehani ya saba.

Saizi Mbili alikuwa ameketi miaka tisa. Mwanamke anayeshona ameketi hana miguu. Ana kichwa na mikono tu. Alichokitaka sasa kilikuwa kidogo kusema na kikubwa kukipata: kusimama mahali ambapo watu wanaingia, na kutazamwa kuanzia juu hadi chini.

"Nitakujaribu wiki moja," Madam alisema.

Dada mtu aliendelea kukata, lakini mkasi ulipunguza mwendo.

Kwa jaribio lile alivaa buti za rangi ya damu ya mzee, ncha nyembamba, kisigino cha wastani. Ya kulia ilikuwa ngozi hasa, na rangi yake ni ya kuzaliwa nayo. Ya kushoto ilikuwa ya rangi ya maziwa, laini, nzuri, na haraka ya furaha ikamfanya asahau kuichoma kwa sindano ya moto ajue kama ni ngozi, kama alivyowafundisha wengine. Aliipaka mara tatu ikang'aa. Haikuwa ngozi. Ngozi hunywa rangi. Plastiki huivaa tu.

Siku tatu zilikwenda vizuri. Siku ya nne mvua ilinyesha tangu asubuhi na maji yakaingizwa ndani kwa nyayo za wateja. Alikuwa amepiga magoti, pini mdomoni, akipima pindo la gauni la rangi ya malai kwa karani mmoja wa benki. Alipoinuka, pindo lilikuwa na mstari mwekundu kama limejeruhiwa. Karani akatazama gauni, akatazama sakafu, akatazama buti.

"Dada, kiatu chako kinavuja damu."

Kisha akaona zaidi. "Hee. Kumbe hivi si pea?"

Hakusema kwa ubaya. Lakini wateja wawili waliokuwa kwenye kioo wakageuka, na macho yote yakashuka chini yakabaki huko. Buti ya kushoto ilikuwa imebaki na madoa ya rangi yake ya maziwa, ndogo, kama mtoto aliyevuliwa nguo ugenini.

Madam alimwita pembeni. Hakufoka, alitumia ile sauti ya chini, ya kusalimia mgonjwa.

"Kuanzia kesho utakaa kaunta. Nitakuwekea kiti kirefu, na kitambaa mezani kishuke mpaka chini. Wateja watakuona uso, unatosha. Utavaa vile vyeusi, vya hospitali."

"Vyeusi umevijuaje?"

Madam alitazama dirisha la karakana. Nyuma ya kioo dada mtu alikuwa amesimama na mfuko mkononi. Viatu vilikuwa ndani yake tangu siku ya kwanza.

Walirudi nyumbani chini ya mwavuli mmoja hadi kwenye kona ya mwisho.

"Nakuonea huruma," dada alisema. "Ni dhambi?"

"Nihurumie nikiwa nimelala, dada. Nikisimama, niache nisimame."

Alfajiri alitoa viatu vyake vyote akavipanga sakafuni. Alivitazama muda mrefu, rangi juu ya rangi, bizimu zilizohamishwa, ujanja wa miaka. Dada yake aliuficha mguu kwa weusi. Yeye aliuficha kwa urembo. Kazi ilikuwa ileile moja, na yeye ndiye aliyeifanya kwa bidii zaidi.

Akachagua cha kushoto cha manjano na cha kulia cha buluu ya nili, vyote vya ncha, vyote vya mkanda, ndugu wa umbo wasiofanana kwa lolote jingine. Aliziba tofauti ya urefu, kwa sababu mgongo haujui fahari. Tofauti ya rangi aliiacha. Akavaa sketi inayoishia magotini.

Alifika dukani kabla ya Madam akasimama mlangoni. Hadi saa nne alikuwa ameshauza magauni mawili na koti la mvua. Watu walitazama chini, ndiyo. Wengine walinong'ona. Mama mmoja alimuuliza kama ndiyo mtindo mpya, akajibiwa, "Ni mtindo wa zamani, mama, nimezaliwa nao."

Madam alipoingia alisimama kama aliyegonga ukuta.

"Umevaa gizani?"

"Hapana, Madam. Nimevaa mchana kweupe."

"Nilisema kaunta."

"Nilisikia."

"Basi chagua. Kaunta au mlango."

"Mlango nimeshauzoea," alisema Saizi Mbili, "siku tano sasa niko hapo." Akachukua mkoba wake, akapita katikati ya karakana ili kila mtu aone, akafunika cherehani ya saba kwa kitambaa chake, akatoka. Dada mtu alimfuata hadi ngazini. Ngazi zilikuwa kumi na nne, na alizishuka zote bila kushika ukuta.

Sokoni, Mama Robota alimsikiliza huku akikata kamba.

"Nipe gunia la wajane," Saizi Mbili alimwambia. "Na ncha ya meza."

"Ufanye nini nalo? Mwanangu, nani ananunua kiatu kimoja? Watu wana miguu miwili."

"Wengi wanayo. Na miwili hiyo si lazima ilingane."

Wiki ya kwanza alikuwa kichekesho cha soko. Alipanga viatu kimoja kimoja, vya kushoto upande wa kushoto, vya kulia upande wa kulia, kila kimoja kimepigwa brashi na kupewa namba ya chaki. Muuza mikanda wa meza ya jirani hakuchoka.

"Dada, mwenzake na hiki yuko wapi? Ameenda msalani?"

"Ameenda kukutafutia akili. Anasema amekosa namba yako."

Siku ya tisa alikuja mwalimu wa sekondari anayetembea kwa gongo, mguu wa kushoto ukiishia juu ya goti. Alisimama mbele ya vile vya kulia kwa muda, kama mtu anayesoma tangazo lililoandikwa kwa ajili yake.

"Naweza kuchukua kimoja tu?"

"Hapa huwezi kuchukua viwili."

Mwalimu alicheka, kisha hakucheka. "Miaka kumi na mmoja nalipia viwili, mwanangu. Nina sanduku la viatu vya kushoto nyumbani. Havijaonja vumbi."

"Vilete. Nitavitafutia watu."

Alivileta, vipya kabisa, vya misimu ya miaka kumi na mmoja iliyopita, na meza ikapendeza. Baada ya hapo walikuja wengine, polepole: aliyevimba mguu mmoja baada ya kujifungua, aliyeungua, na wale wengi zaidi waliokuja kucheka, wakajaribu kwa mzaha, wakagundua kwamba kiatu cha kulia kimekuwa kikiwabana maisha yao yote. Wasichana wa chuo walikuja kwa sababu nyingine. Walitaka rangi mbili, nao walilipa bila kuuliza.

Joto liliporudi alikuja dada yake. Alikaa kwenye kibao cha wateja bila kukaribishwa.

"Madam anasema urudi. Wateja wanakuulizia."

"Kusimama?"

"Kusimama. Viatu vyovyote utakavyo." Dada alikohoa. "Ila uvae gauni refu."

Saizi Mbili alikuwa akifuta bizimu. Hakuinua kichwa.

"Mwambie magauni yangu yanaishia magotini."

"Nilijua utasema hivyo. Nilimwambia utasema hivyo." Dada akanyoosha mguu wake wa kulia, akausugua juu ya kiatu, ule mguu uliosimama mbele ya meza ya kukatia miaka ishirini na sita.

"Vua," mdogo alisema.

"Mimi sijalemaa."

"Nani kasema kulemaa? Nimesema vua."

Alipima kwa rula ya mbao, mmoja, kisha wa pili. Thelathini na tisa kushoto, arobaini kulia. Dada mtu aliitazama rula muda mrefu, kama kitambaa alichokikosea kukata, kisha akauliza taratibu kama kuna arobaini ya kahawia, yenye ncha kidogo, isiwe kali sana.

"Lipo gunia zima, dada. Chagua mwenyewe."

Madam alituma ujumbe mara mbili zaidi, kisha akaajiri mtu mwingine. Saizi Mbili bado yuko sokoni, meza ya tatu kutoka bombani, siku zote isipokuwa Jumatatu, na anauza viatu kimoja kimoja.