Mume wa Mama Turfena

Hadi leo nachemka nikikumbuka, na wa kumkasirikia sina ila mimi mwenyewe. Nilikuwa wakili kijana mjini Migori, miaka ya tisini, kazi yangu kusuluhisha ugomvi wa ndoa. Siku moja akaingia mama mzee, Mama Turfena. Mimi Mkuria, yeye Mjaluo, kwa hivyo tukaongea Kiswahili.

"Wakili, mume wangu amenitupa," akasema. "Alienda kuchimba dhahabu Masara, akaoa kasichana huko. Hata kunisalimia haji."

Hasira zilinipanda. Mzee mzima, kumtupa mama wa watu hivi kwa ajili ya kasichana! Sikuuliza hata swali moja. Nilipiga taipu barua kali, nikamwita huyo mume mzee asiye na haya, nikamtaka afike ofisini mara moja.

Alhamisi, Mama Turfena akiwa ameketi pale ofisini, akaja kijana wa miaka ishirini hivi, vumbi la mgodi hadi kwenye kope, barua yangu mkononi.

"Babako amekutuma?" nikafoka. "Mwambie aje mwenyewe! Mwanamume gani anajificha nyuma ya mtoto wake?"

Mama Turfena akainuka, akamkumbatia.

"Si ndiye huyu mume wangu! Mjukuu wangu, mtoto wa kijana wangu." Kisha akanigeukia, akanitazama kwa huruma. "Kwani wakili, wewe nyanya yako alikuwa anakuitaje?"

Nyanya yangu, pale Kehancha, alikuwa ananiita mume wangu. Na tangu nioe, sikuwa nimekanyaga kwake.