Wimbo Alioufuata Mjane

Nilikuwa mwanafunzi wa mafunzo kazini katika maktaba moja ya Kampala, nikiorodhesha karatasi za watunzi wa muziki waliofariki. Asubuhi moja mjane wa mtunzi mmoja, mama Mkenya aliyeishi mtaa wa Ntinda, alikuja kuomba wimbo ambao mumewe alimtungia walipooana. Wajukuu walitaka kuuimba kwenye misa ya kumkumbuka.

Nilipofungua sanduku la karatasi za mumewe nilikuta paa limelivujia. Kurasa zilikuwa zimegandana na nota zimegeuka madoa ya wino.

“Samahani, mama. Mvua imeziharibu.”

Alizipapasa taratibu. “Basi. Asante kwa kututunzia, mwanangu.”

Angenifokea ningevumilia. Nilimsindikiza hadi barabarani nimeinamisha kichwa.