Vipande Viwili vya Sabini

Shirika nilikokuwa taipisti lilipofungwa, mume wangu akiwa bado mwalimu hapa Songea, nilichukua kiinua mgongo changu nikanunua kompyuta iliyotumika. Nilikodi chumba karibu na soko, nikaandika mlangoni: TUNACHAPA BARUA NA MITIHANI. Mashine ilikuwa nzito kuamka, watu wakingoja wanaona alama ya saa ya mchanga tu kwenye kioo. Nilipokwenda Dar es Salaam kumsalimia dada yangu nikanunua vipande viwili vya memori ili iwe nyepesi. Muuzaji alinionyesha vya aina mbili, vimeandikwa sitini na sabini. Nikamwambia anipe vya sabini. Niliona kubwa ndiyo bora.

Nilivipachika mwenyewe, pembeni ya viwili vya zamani. Mashine ikawaka, ikavihesabu vyote. Nilifurahi sana.

Ulikuwa mwezi wa sita, baridi ya Songea unaijua. Asubuhi nilichapa nimevaa sweta na hakuna kilichoharibika. Ilianza mchana, mashine ikishapata joto. Nilipandisha ukurasa juu kusoma nilichoandika, nikakuta "evua" pale nilipoandika mvua. Mahali pengine ndugu imekuwa "fdugu". Nilisahihisha, nikashuka chini, nikarudi juu. Neno lingine limebadilika. Chumbani nilikuwa peke yangu, mikono nimeiweka mapajani.

Nikasema ni umeme. Umeme wetu wa jenereta ulikuwa ukipanda na kushuka hata taa zinapepesa. Lakini taa zilikuwa zimetulia.

Siku moja baada ya adhuhuri akaja mama mmoja wa Ruhuwiko, rozari shingoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nichapie hii, walimu wakaione ni barua ya maana."

Binti yake alikuwa amelazwa, na shule ilitaka maelezo. Nilichapa, nikasoma kwenye kioo, iko sawa. Nikabonyeza, printa ikalia, nikampa karatasi bila kuitazama tena. Hilo ndilo kosa langu.

Aliisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Kidole kikasimama.

"Mwanangu, hapa umeandika nini?"

Nilisogea. Yeye alikuwa ameandika kwa mkono wake, *binti yangu ana homa*. Kwenye karatasi yangu ilikuwa, *binti yangu afa homa*.

"Ni mashine," nikasema. "Inageuza herufi."

"Inageuza." Alinitazama, kisha akaitazama kompyuta kama mtu anayetazama mlango uliofunguka wenyewe. "Mbona haikugeuza jina langu?"

Nilitoa taipu yangu ya zamani chini ya meza nikaichapa barua upya. Ile mbaya aliikunja ndogo kabisa, akaifunga kwenye pindo la kitenge. Hakutaka niitupe mimi. Nilikataa malipo, naye hakubisha.

Jioni ile nilimfuata fundi wa redio, mtu wa Tunduru aliyewahi kusomea kompyuta. Alikuja, akafungua kifuniko cha mashine, akachomoa vipande vyote vinne, akavielekeza dirishani.

"Dada, hivi vya zamani ni sitini. Vyako ni sabini."

"Si ndiyo vikubwa?"

"Ndiyo vizito. Hiyo namba ni muda wa kujibu. Bodi yako hii ya zamani, hili bamba linaloshika vyote, imepangwa kwa sitini. Inauliza, inachukua jibu, inaondoka. Hiki cha sabini kinakuwa hakijamaliza kusema, na kikipata joto kinachelewa zaidi. Bodi inaondoka na herufi nusu."

"Lakini kwa nini afa?"

"Humo ndani kila herufi ni namba; n ikikatwa kipande inakuwa f, m inakuwa e. Ni hivyo tu. Kila mara ni pale pale."

Hakuvitupa vya sabini. Aliingia kwenye mipangilio ya mashine, akaiambia bodi ingoje kidogo kila inapouliza. Kesho yake tukaiwasha siku nzima, mlango umefungwa ipate joto. Nilichapa *ana* kurasa tatu. Hakuna hata moja iliyogeuka. Nilipaswa kutulia, ila tangu hapo nilianza kuandika "anaumwa homa", hata kama mteja ameandika vingine.

Kuhusu yule binti sikumuuliza mtu. Niliogopa. Kila msiba uliopita barabarani kuelekea Ruhuwiko nilisimama mlangoni nikihesabu umri wa marehemu kwa ukubwa wa jeneza.

Mwaka uliofuata akaingia msichana mwembamba, amenyoa nywele, anataka barua ya kuomba kazi. Aliposema anatoka Ruhuwiko na jina la mama yake, nilishika ukingo wa meza.

"Ulipona," nikasema.

"Nilipona. Mama alinikataza kuja hapa." Akavuta kiti karibu, akakaa bega kwa bega nami. "Andika, mama. Mimi nitaangalia."

Nikaandika jina lake. Hakupepesa macho mpaka karatasi ilipotoka.