Mashine Haikumwona Mama Mkwe

Kosa ni langu peke yangu. Simsingizii shetani, maana siku ile hata yeye angenikataza.

Mie fundi wa mkongo hapa mjini, ule uzi wa kioo unaopitisha mwanga. Wetu umefukiwa kando ya pwani mpaka Matemwe. Mtu akichimba au akigonga karibu yake, mwanga wa ndani hutikisika, nami nikiwa ofisini napaona kwenye skrini mahali hasa panapogongwa. Basi nikajiona najua kila kitu Unguja nzima. Kiburi, jamani, kiburi!

Sasa, nlikuwa nimemposa Zuwena wa Matemwe. Mama yake, Bi Mize, akasema tarehe ya harusi ataitoa akishamaliza kupiga makumbi, apate usumba wa kujazia godoro la bibi harusi. Kwa msiojua, makumbi ni yale maganda ya nazi. Hufukiwa kwenye tope la pwani miezi na miezi mpaka yaoze, kisha wanawake huyafukua na kuyapiga kwa magongo mpaka zitoke nyuzi, ndiyo usumba wenyewe. Kila nikimpigia simu jibu ni moja: "Bado twapiga, mwanangu. Viganja vyaniwaka moto."

Nikatazama skrini. Kulia kwake majirani wanapiga, alama zinaruka. Kushoto vivyo hivyo. Pale pake Bi Mize, kimya! Siku nne, kimya tu. Hasira zikanipanda. Nikasema huyu mama ananizungusha, ana mkwe mwengine anamtaka.

Si nikapanda pikipiki mpaka Matemwe! Nikamkuta barazani na mashoga zake. Nikatoa shikamoo, nikaitikiwa marahaba, na adabu yangu ikaishia hapo hapo.

"Bi Mize, wanidanganya! Mashine yangu yasikia pwani nzima, na wewe hujapiga hata kumbi moja!"

Zuwena alikuwa mlangoni kashika sinia ya chai. Akarudi nayo ndani.

Bi Mize akainuka. Akanifunulia viganja: malengelenge matupu. Kisha akanipeleka uani. Usumba, wallahi, umenipita kimo!

Yarabi, hapo ndipo nilipokumbuka! Mwanga ukipita kwenye mkongo huyumba kwa upande fulani, na upande huo hugeuka kila uzi unapopinda au kupata joto. Mashine yetu hutazama upande mmoja tu. Mwanga unaorudi kutoka mahali fulani ukiwa umekaa upande mwengine, mashine haioni kitu, hata watu watwange ardhi ipasuke. Kipo kifaa cha kuifanya ione pande zote mbili. Bosi alinipa nikifunge, nami nikamwambia nshafunga. Kumbe kimo kwenye droo yangu, chini ya kashata!

Niliomba radhi mpaka koo likanikauka. Bi Mize akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Vua viatu. Yaliyobaki utayapiga wewe, kisha ndiyo tuzungumze habari ya tarehe."

Nikapiga makumbi mbele ya wanawake wote wa pwani. Wakanicheka mpaka wengine wakakaa chini. Harufu ya tope lile siisemi! Viganja viliponichubuka, nikampigia simu mwenzangu wa ofisini, nikaweka spika ili Bi Mize asikie.

"Hebu tazama pale penye kimya. Waniona nnavyopiga?"

"Hapana bwana. Hapo hapana mtu."

Bi Mize akatikisa kichwa taratibu. "Umesikia, mwanangu? Mashine yasema hujapiga hata kumbi moja. Anza upya."

Nikaanza upya! Ningefanyaje?

Enyi vijana wenzangu, mkipewa kifaa mkifunge, kifungeni siku hiyo hiyo. Na mashine ikikwambieni hapana kitu, nendeni kwanza mkatazame viganja vya watu kabla hamjafungua midomo. Mie naandika haya kwa kidole kimoja, vyengine vimefungwa bendeji. Tarehe sijapewa, na makumbi hayajesha.