Mianzi ya Mama na Hati ya Kaka

Shamba letu la ulanzi, pombe ya mianzi, lilianzishwa na mama yake bibi. Aliolewa huku milimani Ileje akitokea upande wa Njombe, na katika mizigo yake alibeba vipande vya mianzi vilivyofungwa kwa majani mabichi ya mgomba. Alivipanda kwenye bonde ambalo mumewe aliliona halifai hata kwa magimbi. Alipozeeka akamwachia binti yake, na bibi akamwachia mama. Hakuna mwanaume aliyeligombea, maana kugema ulanzi ni kazi ya kuchosha. Wakati wa mvua unakata ncha ya chipukizi, unafunga mbeta, yaani kikombe cha mwanzi cha kukingia maji yake, halafu unarudi asubuhi na jioni kuchonga upya. Ukizembea siku mbili, mwanzi unakauka.

Kaka yangu hakuwahi kuchonga hata mmoja. Aliondoka mapema kwenda Tunduma, akawa wakala wa kupitisha mizigo mpakani, na nyumbani tulimwona sikukuu tu. Simlaumu kwa hilo.

Wapimaji wa ardhi walipofika kijijini, mama alikuwa ameshafyeka mipaka yake yote. Karani akamuuliza, "Mama, mwenye shamba yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Namaanisha mwanaume wa nyumba hii."

"Mume wangu alishafariki. Na hata alipokuwa hai shamba halikuwa lake. Nimeachiwa na mama yangu."

Karani akamgeukia mwenyekiti wa kijiji, mtu aliyekunywa ulanzi wetu karibu kila siku ya masika. Mwenyekiti akasema, "Yupo mtoto wa kiume, anakaa Tunduma." Karani akaandika. Nilikuwa nimesimama palepale na mbeta mbili mkononi. Hakuniuliza mimi ni nani.

Tulidhani anaorodhesha watoto. Kumbe hati ilitoka kwa jina la kaka. Akaitwa, akaja kimyakimya, akaweka sahihi na kurudi mjini bila kupita nyumbani. Tulijua hayo siku watu wawili walipokuja na mapanga na lori dogo, wakaanza kukata mianzi ya upande wa chini ili wakauze kwa mafundi ujenzi.

"Tumeuziwa na mwenye hati," walisema.

Mama alimpigia kaka, nikamshikia simu ikiwa kwenye spika.

"Mama, mianzi si inaota tena?" kaka alisema. "Na wewe umechoka sasa. Dada ana kwake, kwa mumewe."

"Dada yako yuko hapa kila asubuhi. Waambie watu wako waondoke."

Akasema kuna foleni ya malori, atapiga baadaye. Hakupiga.

Mama hakupiga kelele. Alikwenda akakaa njiani mbele ya lori, juu ya rundo la mianzi iliyokatwa. Nikakaa naye. Kufikia mchana wanawake wanaochukua ulanzi kwetu kwenda kuuza walikuwa wamekaa nasi, wengine na watoto mgongoni. Lori liliondoka tupu.

Kesi ikaenda baraza la kata, na kaka akaitwa. Mwenyekiti wa kijiji alisimama akasema haya ni mambo ya familia, tukayamalize nyumbani.

"Ulipomtaja kaka yangu kwa karani," nilimwambia, "hayakuwa mambo ya familia?"

"Punguza sauti, binti."

Sikupunguza.

Mjumbe mmoja wa baraza, mwanamke wa makamo, alimuuliza kaka swali moja tu: mbeta zinafungwa mwezi gani? Kaka akafikiri, akajibu mwezi wa sita. Mwezi wa sita ni kiangazi, huwezi kupata hata tone. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Mtu huyo ndiye ambaye serikali ilimwandikia shamba, na mama aliyelitunza tangu usichana wake aliambiwa amtafute mwanaume.

Tulishinda. Hati mpya ilipotoka mama alinipa nimsomee. Ilisema mmiliki ni "mjane wa", likafuata jina la baba.

"Rudisha," alisema.

Mtendaji wa kijiji alishangaa. "Mama, si umeshapata shamba lako? Unataka nini tena?"

"Jina langu."

Tulisubiri masika nyingine nzima, tukienda na kurudi ofisini kwa miguu kwenye matope. Hati ya tatu ina jina lake, na chini yake la kwangu.

Pasaka iliyofuata kaka alikuja na mkewe. Hakuomba radhi. Alikaa barazani akasema ana hamu ya ulanzi. Mama akammiminia, kwa sababu ni mwanawe, akamuuliza habari za wajukuu. Mimi nilichukua kisu changu nikashuka bondeni kuchonga, ingawa jioni ilikuwa haijafika. Watu wananiambia nisamehe, yamekwisha. Nawajibu kwamba bado nina hasira, na sijaona mwenye haki ya kuniharakisha.